Mwenye bidii ni nani?



Katika makanisa yetu ya Masisi na Walikale tunasikia neno "bidii" mara nyingi. Tunalihubiri kwa vijana, kwa wamama, kwa wanafunzi. Ni neno zuri, lakini likitumiwa vibaya linaumiza. Familia iliyokimbia vita, iliyoacha shamba la maharagwe na viazi na sasa inalala kambini au kwa jamaa, ikisikia mahubiri juu ya mvivu na mdudu chungu (Mithali 6:6-11), inaweza kutoka kanisani ikidhani kwamba Mungu anaiita mvivu. Basi tulichunguze neno hili.

Kwanza, bidii ni ya mtu. Tunasema mtu ana bidii. Hatusemi kazi ina bidii. Kazi huwa nzito, ngumu, ya kuchosha. Kule Bisie, Walikale, wabebaji walipita msituni na magunia ya kilo 50 ya kasiterite mgongoni mpaka Njingala. Kazi ile ilikuwa nzito kwa kila mmoja wao, lakini uzito wa gunia hautuambii kilichokuwa moyoni mwa aliyelibeba. Vilevile mtu anayelazimishwa na wenye silaha kufanya salongo anachoka sana, lakini tusiuite uchovu wake bidii. Ni mateso.

Pili, bidii inakwenda pamoja na upendo. Wafaransa na Waingereza wote humwita mwenye bidii diligent. Neno hilo limetoka katika kitenzi cha Kilatini, diligere, maana yake kupenda, kuthamini. Ndicho kitenzi ambacho Biblia ya Kilatini inatumia katika amri ya kumpenda jirani (Mathayo 22:39). Kwa asili ya neno hilo, mwenye bidii ni mtu anayependa.

Paulo naye anaonyesha hivyo. Katika Warumi 12 anataja bidii katika mstari wa 8, kwa anayesimamia wengine, na tena katika mstari wa 11. Katikati, mistari ya 9 na 10, anasema juu ya upendo usio na unafiki na wa kindugu.

Upendo ukikosekana, bidii inaweza kupotea njia. Neno la Kigiriki ni spoude, lenye maana ya bidii na pia haraka. Mariamu alikwenda nayo milimani kumtembelea Elizabeti (Luka 1:39). Binti wa Herodia naye aliingia nayo kwa mfalme, kuomba kichwa cha Yohana (Marko 6:25). Neno ni moja, kusudi ni tofauti kabisa. Hata anayechoma vijiji anaweza kuamka mapema.

Tatu, tusome vizuri 2 Wathesalonike 3:10. Wengine wanautumia mstari huo kuwanyima wakimbizi chakula. Lakini Paulo anamsema mtu asiyetaka kufanya kazi. Hamsemi asiyeweza. Mkulima ambaye shamba lake liko nyuma ya mstari wa vita anataka sana kulima. Njia ndiyo imefungwa.

Kwa hiyo, wachungaji na wazee wa kanisa, tukihubiri juu ya bidii, tusiipime kwa mavuno peke yake. Mama aliyefiwa na kupoteza mbuzi wake wote, lakini kila asubuhi anachota maji yake na ya mzee jirani asiyeweza kutembea, huyo ni mwenye bidii. Shemasi anayezunguka kuwatembelea wagonjwa bila kungoja kuitwa ni mwenye bidii. Na sisi tulio na shamba tuulizane: bidii yetu inamfikia nani?

Bwana awatie nguvu, na awarudishe wote mashambani kwao kwa amani.