Pikipiki na Mwendeshaji Mfupi: Je, Chombo Kishushwe?

Katika kata ya Sombetini, jijini Arusha, pikipiki ni chombo cha kazi. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoweka utaratibu wa kubeba abiria kwa pikipiki hapa nchini, vijana wengi wamejipatia riziki kwa kazi ya bodaboda. Vijana hao wana vimo mbalimbali, bali pikipiki za aina moja hutoka kiwandani zikiwa na kimo kimoja. Mwendeshaji mfupi, ambaye nyayo zake haziifikii ardhi sawasawa, mara nyingi hushauriwa ampelekee fundi chombo chake ili "kishushwe". Je, ushauri huo unafaa? Swali hili laweza kujibiwa kwa fizikia ya shule ya sekondari.

Kwa nini mguu hutafuta ardhi

Pikipiki iliyo katika mwendo hujisimamia. Shida huanza inaposimama. Tuchukue mfano wa pikipiki ya kilo 120, mwendeshaji wa kilo 60 na abiria wa kilo 70. Jumla ni kilo 250, yaani uzito wa nyutoni 2,500 hivi. Tuseme kitovu cha uzito huo kipo mita 0.8 juu ya ardhi. Chombo kikiinama nyuzi 5 tu, momenti ya kukiangusha ni 2,500 × 0.8 × sine ya nyuzi 5, ambayo ni nyutoni-mita 174. Mguu uliokanyaga sentimita 30 kutoka mstari wa magurudumu utahitaji kani ya nyutoni 580 ili kuizuia. Hiyo inakaribia uzito wote wa mwendeshaji mwenyewe.

Chombo kikiinama nyuzi 10 kabla mguu haujagusa chini, kani inayohitajika hufika nyutoni 1,157. Hapo abiria na mzigo huenda chini. Kwa hiyo mwendeshaji mfupi ana hoja ya haki: kila sentimita inayomkaribisha kwenye ardhi humpunguzia hatari. Linalobaki ni kujua sentimita hiyo ipatikane wapi.

Gharama ya kukata springi

Baadhi ya mafundi hukata springi za shokapu za nyuma, au hufunga shokapu fupi zaidi. Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alieleza mwaka 1678 kwamba springi hurefuka au hubonyea kwa kadiri ya kani inayotumika. Ugumu wa springi hutegemea pia idadi ya mizunguko yake. Springi ya mizunguko 16 ikikatwa ibaki na 12, ugumu wake huongezeka kwa theluthi moja.

Pamoja na hayo, nafasi ya kubonyea hupungua. Pikipiki ikidondoka kutoka ukingo wa sentimita 10, na shokapu zikiwa na nafasi ya sentimita 8, kani ya wastani ya kuisimamisha ni mara 2.25 ya uzito wake. Nafasi ikibaki sentimita 5, kani hiyo huwa mara 3. Mgongo wa abiria ndio unaolipa tofauti hiyo. Kadhalika, tumbo la injini hukaribia mawe na matuta, jambo lisilopuuzwa katika mitaa isiyo na lami, hasa masika ya Machi hadi Mei, maji yanapochimba makorongo njiani.

Usukani na taa

Tuseme nyuma imeshushwa sentimita 5, na umbali kati ya vitovu vya magurudumu ni mita 1.25. Chombo chote kitainuka mbele kwa pembe ya nyuzi 2.3 hivi. Pembe hiyo yaonekana ndogo, lakini athari zake si ndogo. Shokapu za mbele hulala zaidi, na usukani huwa mzito katika mwendo wa polepole, yaani pale pale mwendeshaji mfupi anapohitaji wepesi. Nao mwanga wa taa, ukifika mita 25 mbele, utakuwa umepanda kwa mita 1 nzima! Taa isiporekebishwa, humulika macho ya anayekuja badala ya shimo lililo njiani.

Stendi nayo haikukatwa. Kwa kuwa mwili wa pikipiki umeshuka, stendi ya pembeni huwa ndefu kupita kiasi. Chombo husimama wima mno na huweza kuangukia upande wa pili.

Anza na kiti

Ipo njia isiyogusa magurudumu wala springi, nayo ni kurekebisha kiti. Fundi wa viti aweza kupunguza sponji sentimita 2 au 3 na kuichonga sehemu ya mbele iwe nyembamba. Wembamba huo una faida kubwa, kwa sababu mguu unaopita juu ya kiti kipana hupoteza urefu wake kwa kwenda pembeni. Tena si lazima miguu yote miwili ifike chini. Mguu mmoja uliokanyaga imara, nyonga ikiwa imesogezwa upande huo, watosha.

Pikipiki fupi iliyobuniwa kuwa fupi ni jambo jingine. Honda Super Cub, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1958, ilibuniwa tangu mwanzo iwe nyepesi na rahisi kupanda, hivyo magurudumu, springi na stendi zake vililingana. Anayenunua chombo kipya na achague kinachomfaa kimo.

Zoezi kwa darasa

Pimeni kimo cha kiti cha pikipiki iliyoshikwa wima, kwanza bila mtu, kisha mtu akiwa ameketi. Tofauti ya vipimo ni sentimita ambazo mwendeshaji huzipata bure kwa uzito wake. Gawanyeni uzito huo kwa tofauti mliyoipata, mpate kadirio la ugumu wa springi na sponji kwa pamoja. Vipimo hivyo na vitangulie kabla msumeno wa fundi haujagusa chuma.