Usizikimbize Filamu Ndefu za Zamani

Anayeifungua Ben-Hur ya mwaka 1959 kwa mara ya kwanza leo, iwe kwenye televisheni ya sebuleni au kwenye simu, hukutana na jambo asilolitarajia. Picha haisogei. Kwenye skrini kuna mchoro mmoja tu, ule wa Michelangelo unaoonyesha mkono wa Mungu ukimwelekea Adamu, na okestra inapiga kwa dakika kama sita kabla hadithi haijaanza. Lawrence of Arabia ya mwaka 1962 ni kali zaidi: muziki unapigwa juu ya skrini nyeusi tupu. Wengi hudhani filamu imekwama, wakapeleka mbele. Na mtu akishapeleka mbele mara moja, kidole hakitoki tena kwenye kitufe. Kila tukio litakalokwenda taratibu litarukwa, na mwisho wa yote atasema filamu za zamani zinachosha. Ninaamini anajinyima. Urefu wa filamu hizi ni sehemu ya ufundi wake, ulipangwa kwa makusudi kama zilivyopangwa taa na mavazi, na faida yake humfikia yule tu anayeupokea kama ulivyopangwa.

Ili kuelewa mpango huo, ni lazima kukumbuka biashara iliyouzaa. Mwaka 1946 kumbi za sinema za Marekani zilijaa kuliko wakati mwingine wowote. Miaka michache baadaye televisheni iliingia majumbani na watazamaji wakaanza kupungua. Studio za Hollywood zikajibu kwa kutoa kile ambacho kisanduku kidogo chenye picha nyeusi na nyeupe hakikuweza kutoa: rangi, upana na ukubwa. Mwaka 1953 The Robe ilifungua njia ya skrini pana ya CinemaScope. Zikafuata The Ten Commandments ya mwaka 1956 yenye dakika 220, Ben-Hur yenye dakika 212, kisha Spartacus ya mwaka 1960 na Lawrence of Arabia, zote zikizidi saa tatu. Nyingi ya filamu hizo zilianza kuonyeshwa katika kumbi chache za miji mikubwa, kwa tiketi ghali na viti vya namba, onyesho moja au mawili tu kwa siku. Muziki wa mwanzo ulikuwa wa watu kutafuta viti vyao na kutulia. Katikati palikuwa na mapumziko, kisha muziki wa kuwarudisha watu ndani, na mwisho muziki wa kuwasindikiza mlangoni. Mtu alivaa vizuri akaenda kuitazama filamu hiyo kama anayekwenda kwenye tamasha.

Mapumziko hayo ndiyo ufunguo wa kwanza kwa mtazamaji wa leo, kwa sababu waandishi walizijenga hadithi zao kuyazunguka. Gone with the Wind ya mwaka 1939, inayokaribia saa nne, inafunga nusu yake ya kwanza kwa mhusika wake mkuu, Scarlett O'Hara, akiapa, kwenye shamba lililoharibiwa, kwamba njaa haitamshika tena. Nusu ya pili inaonyesha gharama ya kiapo hicho. Lawrence of Arabia inampandisha shujaa wake hadi kileleni kabla ya mapumziko, kisha inatumia muda uliobaki kumbomoa. Kwa hiyo asiye na usiku mzima wa kukaa asione aibu kuzigawa siku mbili, mradi akate pale walipokata wenyewe. Kuijenga hadithi kuyazunguka mapumziko si jambo geni kwa mashabiki wa sinema wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam. Vizazi vya huku vilijaza kumbi kutazama filamu za Kihindi kama Mother India ya mwaka 1957 na Sholay ya mwaka 1975, filamu ndefu zilizojengwa kwa mtindo huohuo, mgeuko mkubwa wa hadithi ukiwekwa kabla tu ya mapumziko ili watu watoke nje wakibishana.

Urefu wenyewe unafanya kazi gani? Tulitazame tukio la kisimani katika Lawrence of Arabia, filamu iliyotolewa na Columbia Pictures na kuongozwa na Mwingereza David Lean. Lawrence na Tafas, anayemwongoza njia, wamefika kisimani katikati ya jangwa, nao wamekunywa. Kwa mbali, pale ardhi inapomeremeta kwa mazigazi, kinatokea kidoa cheusi. Hakuna muziki. Kidoa kinakua polepole, kinakuwa mstari, mstari unakuwa mtu aliyepanda ngamia. Tafas anakimbilia bastola. Mlio mmoja unasikika, naye yuko chini. Anayekuja ni Sherif Ali, nafasi iliyochezwa na Mmisri Omar Sharif, na kosa la Tafas ni kunywa maji ya kisima kisicho cha kabila lake. Mpiga picha Freddie Young alitumia lenzi ndefu ya milimita 482 ili mtu yule aonekane akitoka ndani ya joto lenyewe. Lean angeweza kumfikisha kisimani kwa sekunde tano, nasi tungeipata habari. Lakini kwa kutufanya tukodoe macho pamoja na wale wawili, bila kujua ajaye ni rafiki au adui, ametufundisha sheria ya jangwa lile: unamwona mtu muda mrefu kabla hujaijua nia yake. Ukiharakisha tukio hilo, unabaki na mauaji yasiyo na maana.

Ushahidi wa pili uko katika mbio za magari ya farasi za Ben-Hur, ambazo huchukua dakika kama tisa na ndizo watu huzitafuta kwenye intaneti zikiwa zimekatwa peke yake. Zinasisimua hata hivyo. Uwanja ulijengwa kwenye studio za Cinecittà mjini Rome, farasi na magari ni ya kweli, na Miklós Rózsa, aliyetunga muziki wa filamu nzima, aliziacha mbio bila muziki wowote: ni magurudumu, kwato na kelele za umati. Lakini anayetazama kipande hicho pekee anaona magari yakigongana. Aliyekaa tangu mwanzo amewaona Judah Ben-Hur na Messala wakikumbatiana kama ndugu. Ameona kigae kikiporomoka kutoka darini wakati gavana anapita, na Messala, akijua kabisa kuwa ni ajali, akimtupa rafiki yake kwenye meli za makasia na kuwafunga mama yake na dada yake. Amekaa na chuki hiyo kwa muda mrefu kabla farasi hawajapangwa mstarini. Ndiyo maana stelingi anaposhinda, na Messala anayekata roho kumwambia kwamba mama na dada yake wako hai lakini wana ukoma, ushindi unageuka shubiri mdomoni mwa mtazamaji pia. Uchungu huo haununuliwi kwa dakika tisa.

Pingamizi la kwanza ni la muda: nani leo ana saa nne? Hoja hii ina uzito kwa mtu anayerudi kazini usiku, lakini haielezi tabia zetu zote. Watu haohao hufuatilia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili kwa miezi mingi, sehemu baada ya sehemu. Oppenheimer ya mwaka 2023 ilichukua saa tatu na ikajaza kumbi duniani kote, na The Brutalist ya mwaka 2024 ilirudisha hata mapumziko ya dakika 15. Kinachotushinda ni aina ya umakini. Tamthilia hukutegea ndoana kila baada ya muda mfupi, na hukusamehe ukijibu ujumbe wa simu, kwa sababu jambo lililokupita litasimuliwa tena. Filamu ndefu ya zamani hairudii. Inakuamini kwamba uso uliouona saa ya kwanza utaukumbuka saa ya tatu. Umakini huo ulikuwapo kwa watu wa kawaida, mafundi na makarani waliokata tiketi kwa fedha zao, na hakuna sababu ya kuamini kwamba kizazi hiki kimeumbwa tofauti.

Pingamizi la pili ni kwamba urefu mwingine ulikuwa tamaa ya biashara tu. Hilo ni kweli, na anayezipenda filamu hizi hana haja ya kulificha. Cleopatra ya mwaka 1963 ilizidi saa nne ilipozinduliwa, gharama zake zilikaribia kuifilisi Twentieth Century-Fox, na sehemu zake nyingi ni mapambo yanayopita mbele ya macho bila kuisogeza hadithi. Mwongozaji wake, Joseph L. Mankiewicz, alitaka ziwe filamu mbili, studio ikakataa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 wakubwa wa Hollywood walikuwa wakimwaga fedha kwenye filamu ndefu za muziki kama Doctor Dolittle ya mwaka 1967 na kula hasara. Lakini filamu mbaya ndefu haithibitishi kwamba urefu ni ubaya, kama vile filamu mbaya fupi haithibitishi kinyume chake. Kipimo ni kimoja: ukiiondoa sehemu fulani, je, mwisho utakuwa na uzito uleule? Kwa Cleopatra, mara nyingi jibu ni ndiyo. Kwa Ben-Hur na Lawrence of Arabia, ni nadra.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote. Gone with the Wind inawaonyesha watumwa weusi wa Kusini mwa Marekani kama watu walioridhika na mabwana zao. Huo ni uongo, na msomaji wa pwani yetu, ambako soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu, hahitaji kufafanuliwa ubaya wake. Hattie McDaniel, aliyecheza mtumishi Mammy, hakuweza kuhudhuria uzinduzi wa Atlanta kwa sababu ya sheria za ubaguzi. Mwaka uliofuata alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar, na usiku huohuo wa tuzo alikalishwa meza ya pembeni, mbali na wenzake. Hata Lawrence of Arabia iliwapa Mwingereza Alec Guinness na Anthony Quinn, mzaliwa wa Mexico, nafasi za wakuu wa Kiarabu. Je, tuziache? Nasema tuzitazame macho yakiwa wazi. Kuna picha moja katika Gone with the Wind ambapo kamera inapanda juu ya kituo cha reli cha Atlanta, majeruhi wanazidi kuongezeka hadi wanalifunika eneo lote, kisha inatua kwenye bendera iliyochanika ya jeshi lililopigana kuulinda utumwa. Moyo unasikitika, na papo hapo akili inapaswa kuuliza: nimefanywa nimlilie nani, na nani hakuonyeshwa? Anayeweza kujiuliza hivyo hatadanganywa kirahisi na filamu ya leo inayotumia ufundi uleule.

Wapo pia wanaosema filamu hizi zilitengenezwa kwa skrini kubwa, hivyo nyumbani hazina maana tena. Skrini ndogo inapunguza, sikatai. Kidoa cha kisimani kwenye simu kinakaribia kutoonekana. Lakini mtazamaji wa leo yuko pazuri kuliko aliyezitazama kwenye televisheni miaka ya 1980. Picha ya Ben-Hur ina upana unaokaribia mara tatu ya kimo chake, na televisheni za zamani zenye umbo la karibu mraba ziliikata pembeni hadi nusu yake ikapotea. Lawrence of Arabia ilipunguzwa dakika kama 20 muda mfupi baada ya kutoka, ikapunguzwa tena baadaye, na ni mwaka 1989 ndipo Robert Harris na wenzake walipoirejesha karibu na ilivyokuwa. Ile mistari myeusi juu na chini ya picha, ambayo wengi huilalamikia, ndiyo dalili kwamba unaona picha yote.

Kwa hiyo anza na Ben-Hur, kwa sababu hadithi yake ni nyoofu na inakushika mapema. Tafuta nakala kamili yenye muziki wa mwanzo na mapumziko yake. Itazame kwenye skrini kubwa kuliko zote zilizopo nyumbani, zima taa, iache simu chumba kingine, na muziki wa mwanzo uache upige mpaka mwisho. Ukichoka, kata kwenye mapumziko na urudi kesho. Ukiimaliza hivyo na bado hujaipenda, hukumu yako ni ya haki na hakuna wa kukubishia. Anayeikimbiza kwa kitufe hajaitazama, na hana la kuihukumia.