Trampolini au kasri la hewa: nani atakayesimama kando?

Kila shule zifungwapo, na hasa katika ile likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, wazazi wengi wa mijini hukabiliwa na swali ambalo wazazi wao hawakuwahi kuulizwa. Mtoto amealikwa kwa mwenzake kusherehekea siku ya kuzaliwa, akarejea jasho likimtiririka na macho yakimeta, na ombi lake ni moja tu: naye awekewe uani chombo cha kurukia. Hapo ndipo mjadala huanza baina ya baba na mama. Je, inunuliwe trampolini, yaani kile kitambaa kigumu kilichowambwa kwa springi katika duara la chuma? Au likodishwe lile jumba la plastiki lenye minara na rangi za kuvutia, linalosimama kwa kupulizwa hewa, ambalo wenye kulikodisha huliita "bouncing castle" na ambalo katika makala haya nitaliita kasri la hewa?

Aghalabu mjadala huo hukatwa kwa bei. Trampolini hununuliwa mara moja ikakaa miaka. Kasri huletwa asubuhi kwa gari na kuondolewa jioni, na malipo yake yakawa yamekwisha kama keki ya siku hiyo. Mimi naona kwamba bei haigusi kiini cha jambo. Vyombo hivi viwili havina undugu kama unavyodhaniwa. Kila kimoja kina masharti yake, na walimu, ambao huombwa ushauri na wazazi na pengine hulazimika kuamua wenyewe kwa niaba ya shule za chekechea, wangefaa kuyajua masharti hayo kabla ya kutoa neno.

Niruhusiwe kuanza na majina, maana ndiyo kazi yangu, na majina haya yamehifadhi historia. Trampolini ya kisasa ilitengenezwa mwaka 1934 katika jimbo la Iowa, Marekani, na George Nissen, kijana aliyekuwa mwanajimnastiki, akishirikiana na Larry Griswold. Jina alilitwaa kutoka Kihispania, ambamo "trampolín" ni ubao wa kupigia mbizi. Aliliongeza herufi moja mwishoni, akalisajili liwe alama ya biashara yake. Baadaye neno likamponyoka likawa la kila mtu, kama vile Mkenya aendavyo dukani kuitisha Colgate na akipewa dawa ya meno ya kampuni nyingine asione kosa lolote. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia marubani wa Marekani walifunzwa juu ya chombo hicho, na mwaka 2000 kikaingizwa katika Michezo ya Olimpiki mjini Sydney. Ni dhahiri basi kwamba tangu asili yake trampolini ni chombo cha mafunzo: hupanda mtu mmoja, naye mwalimu husimama kando.

Kasri la hewa lina nasaba nyingine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mhandisi John Scurlock wa Shreveport, Louisiana, alikuwa akishughulika na vifuniko vya hewa vya viwanja vya tenisi, akaona jinsi wafanyakazi wake walivyofurahia kurukaruka juu yake. Akaigeuza furaha hiyo kuwa biashara ya kukodisha. Kwa hiyo hiki tangu mwanzo ni chombo cha sherehe, nacho huita umati.

Lakini jina lake lina hila. Kasri, au ngome, humfanya msikilizaji afikirie kitu kisichotikisika. Ngome ya Yesu pale Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilipigiwa mizinga na bado imesimama. Hili letu ni kinyume chake. Lina eneo pana na uzani mdogo, na kila ukuta wake ni tanga. Mtu wa pwani angeliangalia mara moja akauliza: nanga iko wapi?

Nchini Uingereza mwongozo wa usalama unasema kwamba kasri lisitumiwe upepo uzidipo kasi ya kilomita 38 kwa saa, na kwamba likiwa nje lifungwe kwa vigingi visivyopungua sita. Asiyekuwa na kipimo cha upepo na atazame miti: kasi hiyo ndiyo ianzayo kuiyumbisha miti midogo yenye majani. Masharti haya hayakutungwa kwa kupenda urasimu. Tarehe 16 Desemba 2021, katika shule moja ya msingi mjini Devonport, kisiwani Tasmania huko Australia, wanafunzi walikuwa wakisherehekea kufunga mwaka. Upepo wa ghafla ulilinyanyua kasri pamoja na watoto waliokuwamo, na sita kati yao wakafa. Kesi ilipoamuliwa mwaka 2025, mwendeshaji wa kasri hilo aliachiliwa huru, kwani mahakama iliona kwamba kisulisuli kilichozuka siku ile hakingeweza kutabiriwa.

Hukumu hiyo ni ya Tasmania. Huku kwetu, mtoto wa Gredi ya Pili aliyelelewa Kajiado, Kitui au Garissa anakijua kisulisuli kama ajuavyo kengele ya mapumziko. Amekiona kikivuka uwanja wa shule wakati wa kiangazi, kikibeba vumbi, karatasi na hata kofia ya mwalimu. Sisi hatutakuwa na udhuru wa kusema hatukutarajia.

Fauka ya upepo, kuna mambo mawili ya hapa petu ambayo miongozo ya ng'ambo haiyatilii mkazo. La kwanza ni umeme. Kasri halijazwi hewa mara moja likafungwa kama mpira wa kandanda. Hewa huvuja katika mishono yake muda wote, na mashine ya kupuliza sharti iendelee kunguruma. Umeme ukikatika, nasi twajua jinsi unavyokatika, kuta huanza kulegea na kuwaangukia waliomo. Watoto wakubwa watatoka wakicheka. Wa miaka mitatu atabaki chini ya plastiki. La pili ni sakafu. Nyua nyingi za Nairobi leo zimetandazwa vitofali vya kabro, na kigingi hakipenyi kabro. Hapo mkodishaji hufunga kamba kwenye lango, kwenye nguzo ya kamba za nguo, au kwenye gari la mgeni ambaye baadaye ataaga na kutaka kuondoka nalo. Penye udongo mweusi, ule ufurao kwa mvua na kupasuka kwa jua, kigingi kilichoshika barabara mwezi wa Mei huenda kikang'oka kwa mkono mmoja mwezi wa Septemba.

Msomaji anaweza kudhani sasa kwamba naipigia debe trampolini. La hasha. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimekuwa kikiwashauri wazazi kwa miongo kadhaa wasiiweke nyumbani. Katika tamko lake la mwaka 2012 kilieleza kwamba takriban robo tatu ya majeraha hutokea wakati watu zaidi ya mmoja wanaruka pamoja, na kwamba aliye mdogo zaidi ndiye aliye katika hatari ya kuumia, mara 14 kuliko mkubwa. Sababu yake mwalimu wa fizikia anaweza kuieleza darasani kwa dakika tano. Mkubwa atuapo, kitambaa huinama na springi hujaa nguvu ya uzito wake. Ikiwa mdogo ndiye aliyepo juu ya kitambaa wakati springi zinaporudi, nguvu hiyo humwendea yeye. Hurushwa kwa kani ambayo misuli yake haikuizalisha na mifupa yake haikuumbiwa kuipokea. Ndiyo maana watoto wa chini ya miaka sita huvunjika muundi karibu na goti bila hata kuanguka nje. Wavu unaozungushwa kando, ambao wauzaji huutaja kwanza, hauwezi kuzuia linalotokea katikati.

Kasri nalo halikusalimika. Watafiti wa Marekani waliochunguza kipindi cha 1990 hadi 2010 walikadiria kwamba watoto wapatao 65,000 walitibiwa hospitalini kwa majeraha ya vyombo vya aina hiyo, na idadi ilikuwa ikipanda kwa kasi kuelekea mwisho wa kipindi hicho.

Wapo watakaonicheka. Watasema kwamba wao walipanda miembe, wakaanguka, wakafungwa mkono kwa banzi, na leo ni wakuu wa idara. Ni kweli. Lakini mwembe una adabu moja ambayo trampolini haina: asiyejua kuupanda hafiki juu. Mti humpima mtoto kabla ya kumpandisha, na akianguka huanguka kwa uzito wake mwenyewe. Trampolini humpandisha yeyote, tena kwa uzito wa kaka yake.

Wala sisemi watoto wasiruke. Mtoto wa ghorofani hana mwembe, na viwanja vyake tumevila. Mnamo Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirushiwa vitoa machozi na polisi walipoandamana kuudai uwanja wao uliokuwa umenyakuliwa. Jamii iliyofika hapo haina haki ya kumlaumu mzazi anayetafuta mita nne za kurukia uani mwake.

Turudi basi kwa yule mtoto aliyetoka kwenye sherehe. Alikiona nini kule? Yeye atasema aliona kasri, au trampolini. Nadhani aliona wenzake. Alipenda kugongana, kuporomoka pamoja, kupigana vikumbo na kucheka. Baba akimnunulia trampolini na kuitii kanuni ya mtu mmoja kwa zamu, atakuwa amemnunulia mchezo wa upweke, na baada ya majuma mawili itaanikwa juu yake mablanketi. Asipoitii kanuni hiyo, mtoto atapata alichokitaka, na daktari wa mifupa naye atapata wateja.

Kisha ni nani atakayeisimamia kanuni yenyewe? Mchana wa likizo wazazi wako kazini. Uani yumo yaya, msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye nguo za kufua na mtoto mchanga mgongoni. Ndiye anayetarajiwa kumwambia mwana wa mwajiri wake, "Shuka, sasa ni zamu ya mwenzako." Na huyo mwenzake huenda ni mtoto wa bawabu, ambaye zamu yake haifiki. Tunampa yaya jukumu la refa bila kumpa filimbi, na mguu ukivunjika ndiye atakayefungashiwa virago. Hili hunikera kuliko habari za springi na vigingi.

Rai yangu ni hii. Nyumba ambayo watoto wake wote hawajatimiza miaka sita isinunue chochote kati ya hivi viwili. Lori dogo la mchanga litawatosha hao. Mwenye mtoto mkubwa kidogo, anayependa kujifunza kupindua mwili kwa nidhamu, anaweza kununua trampolini, aiweke juu ya nyasi, na aondoe ngazi yake kila mzazi anapotoka. Madaktari niliowataja wangekataa hata hapo. Mimi sifiki huko. Kwa wengine wote, nalichagua kasri la siku moja. Sababu yangu ni kwamba sherehe huwakusanya watu wazima uani, wenye sauti ya kuamrisha na saa nzima ya kukaa bila kazi nyingine. Wawili kati yao wawekwe zamu, mmoja mlangoni na mwingine kwenye mashine. Wadogo waingie peke yao, watoke, ndipo wakubwa waingie.

Na mwenye kasri afikapo asubuhi, kabla hajateremsha kitu garini, aulizwe vigingi ni vingapi na ni vya urefu gani, na umeme ukipotea atafanya nini. Aonyeshwe pia ule mti mdogo ulio karibu na ukuta, aambiwe kwamba ukianza kuyumba watoto watatolewa nje, na kwamba malipo yake atapewa yote hata hivyo.