Wanafunzi Wakija na Tepu Mtaani: Mambo Ambayo Mkazi wa Matisi Anafaa Kujua

Vijana watatu wanasimama kwenye kichochoro. Mmoja ameshika tepu, wa pili anaandika kwenye daftari, wa tatu anapiga picha mtaro. Kabla hawajafika ploti inayofuata, habari imewatangulia: wamekuja kubomoa. Wapangaji wanaulizana watahamia wapi, mwenye ploti anampigia simu mzee wa mtaa, na mama anayeuza mboga kando ya barabara anaanza kuondoa meza yake.

Hofu hiyo haijatoka hewani. Katika miji mingi ya Kenya, mtu mwenye tepu ametangulia tingatinga zaidi ya mara moja. Hata hivyo, wengi wa vijana wanaoonekana wakipima nyumba, vyoo na njia katika mitaa kama yetu si wa serikali. Ni wanafunzi wa usanifu majengo, mipango miji na ujenzi kutoka vyuo kama Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT, Maseno, na hapa karibu Kitale National Polytechnic. Wanakusanya habari za insha, mradi wa darasa au tasnifu ya shahada.

Mwanafunzi hana mamlaka yoyote juu ya nyumba yako. Alama anayoweka kwenye ramani yake haibadilishi mpaka wa ploti, haiongezi wala kupunguza hatimiliki, na haiwezi kutumiwa kumfukuza mtu. Kumwondoa mtu anayeishi kwenye ardhi bila idhini kuna utaratibu wake katika Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka wa 2016: lazima kwanza atolewe notisi ya maandishi ya angalau miezi 3, na anayepewa notisi hiyo ana haki ya kwenda mahakamani. Kijana mwenye daftari hawezi kuwa notisi.

Basi wanatafuta nini Matisi?

Wanatafuta mambo ambayo mkazi mmoja akiwa ndani ya ua wake hawezi kuyaona. Chukua ploti yetu ya kawaida, ile ya hamsini kwa mia. Ukiigeuza kuwa mita, ni karibu mita 15 kwa 30. Maafisa wa afya ya umma hushauri choo cha shimo kikae mbali na kisima, mita 30 au zaidi inapowezekana. Maana yake ni kwamba hata mwenye ploti nzima, akiweka kisima kona moja na choo kona ya mwisho, amefika kwenye kikomo cha ardhi yake. Aliyenunua nusu ploti hawezi kabisa. Na hata yule wa ploti nzima aliyejitahidi, huenda jirani amechimba choo upande wa pili wa ua, hatua chache tu kutoka kwenye kisima chake. Hakuna aliyekosa adabu hapo. Kila mmoja amejenga alipoweza. Ila mwanafunzi akichora ramani moja yenye visima vyote na vyoo vyote vya mtaa, pamoja na mwelekeo wa mteremko, ghafla inaonekana ni visima gani viko hatarini na bomba la maji lianzie wapi. Ramani ya namna hiyo ina faida kwa afya ya watoto wetu kuliko mikutano mingi.

Jambo la pili ni njia. Sehemu kubwa ya ardhi inayozunguka Kitale ilikuwa mashamba makubwa ya walowezi. Baada ya uhuru mashamba hayo yaligawanywa, mengine yakinunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi, kisha vipande vikaendelea kukatwa na kuuzwa kadiri mji ulivyokua. Shamba la mahindi halihitaji barabara kila baada ya mita 30. Mtaa wa makazi unahitaji. Palipouzwa vipande kwa makubaliano ya mdomo au karatasi ya mkono, mara nyingi njia ilibaki ile ile ya kupitisha ng'ombe, na leo ndiyo inayotegemewa na lori la mchanga, boda boda, mgonjwa anayekimbizwa hospitalini na, Mungu apishe mbali, gari la zimamoto. Mwanafunzi anayepima upana wa kichochoro chako anajaribu kujua nini kinaweza kupita na nini hakiwezi.

Tatu ni mvua. Kitale hupata karibu milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na sisi wenyewe huiona zaidi inapojaza mitaro. Lakini hebu tufanye hesabu wanayofundishwa wanafunzi hawa mapema masomoni. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Nyumba ndogo yenye mabati ya mita 30 za mraba hupokea lita 36,000 kwa mwaka. Hata tukitoa moja ya tano kwa kumwagika na kukauka, zinabaki lita 28,800, ambazo ni mitungi 1,440 ya lita 20. Tatizo ni mahali pa kuweka tangi katika ploti iliyojaa vyumba vya kupangisha, na hilo ndilo swali la usanifu.

Utafiti wa namna hii umewahi kuzaa kitu? Umezaa, na si mbali.

Hapa hapa Kitale, kuanzia mwaka wa 2001, shirika la Practical Action, wakati huo likiitwa ITDG, lilishirikiana na Baraza la Manispaa na wakazi wa Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa. Kazi hiyo haikuwa ya wanafunzi, lakini njia ni ile ile: wakazi wenyewe walihesabu na kuchora mitaa yao, wakapanga kipi kianze, na baadaye vikajengwa vitu vya kushikika kama vyoo na chemchemi zilizohifadhiwa. Jina la Kitale hutajwa hadi leo katika madarasa ya mipango miji kwa sababu ya kazi hiyo, ingawa wengi wetu tunaoishi hapa hatujui.

Kule Kibera, wanafunzi 6 wa shule ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walianza mwaka wa 2006 kwa kuuliza wakazi wanahitaji nini. Eneo lao la kwanza lilikuwa jalala kando ya mto karibu na Bwawa la Nairobi. Wakishirikiana na vikundi vya wakazi, waliligeuza kuwa uwanja wa watu wote. Darasa lile likawa shirika, Kounkuey Design Initiative, ambalo lingali Kibera.

Mfano mkubwa zaidi ni Mukuru, Nairobi. Muungano wa Wanavijiji, SDI Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifanya utafiti uliowahusisha wanafunzi na wakazi. Walionyesha kwa hesabu jambo ambalo wakazi walilijua mfukoni: maskini wa Mukuru walikuwa wakilipa bei ya juu zaidi kwa kila kipimo cha maji na umeme kuliko watu wa mitaa iliyopangwa. Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mipango maalum. Ujenzi mpya ulisimamishwa kwa miaka 2 ili mpango uandaliwe, na wakazi wakapangwa kwa nyumba kumi kumi ili sauti ya kila mmoja ifike mezani. Baadaye barabara na mabomba ya majitaka yakaanza kuingia. Bila takwimu zile, ingekuwa vigumu kwa ofisi yoyote kutetea bajeti hiyo.

Upande mwingine wa habari ni kwamba tafiti nyingi huishia kwenye rafu ya maktaba. Mwanafunzi hufaulu, akahitimu, na mtaa uliompa majibu haupati hata nakala. Wakazi wanaochoka kuulizwa maswali yale yale kila mwaka wana haki ya kuchoka. Kwa maoni ya mwandishi huyu, anayekuja kupima na asirudi kuonyesha alichopata amekopa na hajalipa.

Kwa hiyo, mgeni akibisha hodi, mwombe barua ya chuo na kitambulisho chake cha mwanafunzi. Akifanya utafiti rasmi, kama ule wa shahada ya uzamili, anafaa pia kuwa na leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI. Muulize kama amepita kwa chifu au ofisi ya wadi. Una haki ya kukataa kujibu, kujibu baadhi ya maswali tu, au kumzuia asiingie ndani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka akueleze atatumia vipi habari zako, na kwa habari za mtoto apate idhini ya mzazi au mlezi. Hana haja ya nambari yako ya M-Pesa, hana haja ya hatimiliki yako ya asili, na hatakiwi kukutoza pesa. Akiahidi ploti, nyumba au kazi, huyo si mtafiti. Piga ripoti kwa chifu au kituo cha polisi kilicho karibu.

Wapangaji nao wasiachie wenye ploti peke yao kazi ya kujibu. Mwenye ploti anajua mpaka, lakini ni mpangaji anayejua choo kimoja kinatumiwa na familia ngapi na ni saa ngapi maji hukatika.

Na kabla hamjaachana, mwombe akubali, mbele ya mzee wa mtaa, kuleta nakala moja ya ramani au ripoti kwenye ofisi ya wadi. Nakala hiyo inaweza kubebwa hadi kwenye vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti na mipango ya kaunti. Mkazi anayesema "mtaro wetu ni mbaya" husikilizwa. Anayeweka mezani mchoro unaoonyesha urefu wa mtaro, mahali ulipoziba na nyumba zinazofurika, ni vigumu kumpita.

Onyo moja kwa wanaotaka kujenga. Mchoro mzuri wa mwanafunzi, hata akiwa mtoto wako, si kibali cha ujenzi. Michoro ya kuwasilishwa kwa idhini lazima iandaliwe na msanifu aliyesajiliwa, na ya nguzo na zege iandaliwe na mhandisi aliyesajiliwa, kisha ipitishwe na kaunti kabla ya fundi kuchimba msingi. Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua, na makumi ya watu wakafa wakiwa vyumbani mwao. Jengo hilo halikuwa na kibali. Mwanafunzi anaweza kukusaidia kufikiria nyumba yako ikaeje, jua liingie wapi na tangi likae wapi. Ukiridhika na wazo, lipeleke kwa mtaalamu aliyesajiliwa, halafu ulete michoro yake katika ofisi ya mipango miji ya kaunti pamoja na nakala ya hati ya umiliki.