Baada ya Taarifa ya Saa Mbili

Mtangazaji maarufu akiaga kituo cha televisheni, watu mitaani huuliza kama anaenda Ikulu au anagombea ubunge. Hawajakosea sana. Kanze Dena alitoka Citizen TV mwaka 2018 akaingia Ikulu ya Nairobi, na Hussein Mohamed, aliyewahi kutangaza katika kituo hichohicho, akawa msemaji wa Ikulu mwaka 2022. Mwanzoni mwa mwaka huo Zuhura Yunus alikiacha kipindi cha Dira ya Dunia cha BBC jijini London akarudi Tanzania kuwa Mkurugenzi wa Mawasiliano ya Rais. Mohammed Ali wa kipindi cha uchunguzi cha Jicho Pevu alishinda ubunge wa Nyali mwaka 2017, tena akiwa mgombea binafsi.

Hao ni wenye sura. Nyuma ya taarifa ya nusu saa wapo mhariri wa zamu, prodyusa, mpiga picha, mhariri wa video na fundi mitambo. Vyombo vya habari vilipopunguza wafanyakazi mwaka 2020, wakati wa Korona, watu wa nyuma ya kamera walitoka bila jina la kuwatangulia.

Kwa maoni yangu hao ndio wenye mtaji mkubwa zaidi, ila hawajui kuutaja. Mfikirie prodyusa. Saa kumi jioni mpangilio wa habari umekamilika. Dakika ishirini kabla ya kwenda hewani, lori la mafuta linapinduka barabara kuu na kila kitu kinapanguliwa. Anapunguza sekunde hapa, anaondoa habari nzima pale, anaagiza uthibitisho wa polisi, anamsemesha mtangazaji sikioni, na nyumbani hakuna anayehisi lolote. Kesho yake anaandika kwenye wasifu wake: “Prodyusa wa taarifa ya habari, miaka minane.” Afisa ajira wa benki au hospitali haoni kitu hapo. Andika kazi yenyewe: uliongoza watu wangapi kila jioni, uliamua nini kwa dakika ngapi, ulithibitishaje taarifa kabla haijatoka, ulifanya nini mitambo ilipogoma. Benki inayokabiliwa na uvumi mitandaoni inamhitaji mtu wa namna hiyo kuliko inavyohitaji sura nzuri.

Tatizo huanza baada ya kuajiriwa. Habari huisha usiku uleule, nzuri au mbaya, na kesho ni ukurasa mpya. Kwenye shirika, taarifa ya kurasa mbili kwa vyombo vya habari inaweza kuzunguka meza tano kwa wiki tatu, na kila meza ikaongeza neno “kimkakati”. Wengi niliowashauri hawakushindwa na ugumu wa kazi. Walishindwa na huo mwendo. Na anayekuwa msemaji ana jingine la kuzoea: jana alibana watu kwa maswali, leo anabanwa yeye, pengine na aliyemfundisha kazi.

Mbali na siasa na kazi ya shirika, kuna njia ya tatu, nayo naipenda zaidi. Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla waliijenga kampuni ya Jiffy Pictures, iliyotengeneza tamthilia ya Maria, wakiwa bado wanasoma habari kwenye televisheni. Mshahara ulikuwa unaingia huku kampuni ikijifunza kutembea. Kabla ya kuiga, soma mkataba wako: vituo vingi haviruhusu kazi ya nje bila idhini.

Ukiwa na mkataba mkononi, tazama pia suala la picha utakazowaonyesha waajiri wapya. Kwa sheria za hakimiliki za Kenya na Tanzania, kazi uliyoifanya kama sehemu ya ajira yako kwa kawaida ni mali ya mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Usinakili maktaba ya kituo kwenye diski yako usiku wa mwisho. Chagua vipande vichache vinavyoonyesha uamuzi wako, kisha omba kibali kwa maandishi ukiwa bado mfanyakazi, wakati mhariri mkuu angali anapokea simu yako.