Kinini cha homa kinashusha moto, hakiui malaria

Ndugu mfanyakazi, asubuhi unaamka unatetemeka, kichwa kinauma. Unameza vinini viwili vya parasetamoli, jasho linatoka, unapata nguvu. Unasema: «Nimepona!» Je, ni kweli?

Tuangalie kwanza homa inatoka wapi. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayolinda joto la mwili, kama kapita anayesimamia kazi. Siku zote amri yake ni digrii 37 hivi. Vijidudu vya malaria vikipasua chembe za damu, askari wa mwili wanapeleka habari. Ubongoni kunatengenezwa kitu kiitwacho prostaglandini, na kapita anabadili amri: «Pandisha mpaka 39!» Mwili unatii. Mishipa ya ngozi inajibana, nyama za mwili zinatetemeka ili zitoe joto. Ndiyo sababu unasikia baridi, kumbe mwili unawaka.

Parasetamoli na aspirini zinapunguza prostaglandini. Mwingereza John Vane alionyesha jambo hilo kwa aspirini mwaka 1971. Mwaka 1982 yeye na wenzake wawili walipata tuzo ya Nobel. Amri inarudi 37, mishipa inafunguka, jasho linatoka, joto linashuka.

Lakini kinini kimenyamazisha kengele tu. Mwizi angali nyumbani. Vijidudu vinaendelea kuzaana katika damu. Nguvu ya kinini ikiisha, baada ya saa 4 hadi 6, homa inarudi.

Huku kwetu Kasongo na Kabambare malaria haina likizo. Basi, fanya hivi:

– Mwenye homa apimwe damu kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo. Akiwa na malaria, amalize dawa yote ya malaria, hata akijisikia mzima.

– Mtu mzima ameze vinini 1 au 2 vya miligramu 500, angoje saa 6. Visipite 8 kwa siku: kuzidisha kunaharibu maini, na kunaweza kuua.

– Mtoto anapimiwa dawa kwa uzito wake, uliza muganga. Usimpe aspirini.

– Mama, usimwagie mtoto maji ya baridi: atatetemeka, joto litazidi. Mvue nguo nzito, mnyweshe. Akishtuka-shtuka mwili mzima, akishindwa kunyonya au asipoamka, mpeleke hospitali mara moja, hata usiku.

Na wewe wa mgodini, usishuke shimoni na homa iliyofichwa na kinini. Kizunguzungu chako ni hatari kwa wenzako pia. Mwambie kapita wako, nenda ukapimwe.