Muhogo hautaki haraka

Kengele ya mapumziko ya saa nne ikilia, unakimbilia wapi? Kwenye shule nyingi, nje ya geti yupo mama mwenye karai la mafuta na mihogo ya kukaanga. Anakupasulia, anakuwekea kachumbari na pilipili, unarudi darasani umeshiba. Bei poa, tumbo limetulia.

Lakini wapo wanaoona haya kuula. Eti muhogo ni chakula cha njaa! Hebu tuuangalie vizuri. Kuna mambo ya kujivunia hapa, na kuna jambo moja la hatari ambalo wewe na familia yako ni lazima mlijue.

Mti mmoja, mapishi mia

Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno ndio walioleta mbegu Afrika katika karne ya 16. Leo hii, nenda Pwani utakuta muhogo wa nazi, na bada, yaani ugali wa unga wa makopa. Nenda Kanda ya Ziwa utakuta udaga. Vuka mpaka uingie Kongo, utakula fufu na kwanga, na majani yake wanayaita sombe. Sisi tunayaita kisamvu, na kikiungwa kwa karanga au nazi, we acha tu!

Umewahi kusikia neno tapioka? Usitishike, ni muhogo huohuo. Tapioka ni wanga mtupu uliokamuliwa kutoka kwenye muhogo. Muhogo mbichi unakunwa, unaoshwa kwa maji mengi na kuchujwa. Maji yale meupe yanaachwa yatulie, wanga unashuka chini, kisha unakaushwa. Wabrazili wanaukaangia chapati. Wahindi wanatengeneza punje nyeupe ziitwazo sabudana. Zile punje laini zinazozama kwenye chai ya maziwa ya Taiwan, nazo ni tapioka. Wanga wa muhogo hutumika pia kuongeza uzito wa supu, kutengeneza gundi, na kunyoosha kola za mashati.

Kumbuka lakini: tapioka inakupa nguvu tu, basi. Haina protini ya kutosha wala vitamini za maana. Hata muhogo mzima una protini kidogo sana. Majani yake ndiyo yenye protini na vitamini. Kwa hiyo usile muhogo peke yake kila siku. Ule na dagaa, maharage, karanga au samaki.

Sasa hatari iko wapi?

Kuna mihogo mitamu na mihogo michungu. Yote ina kemikali iitwayo linamarini, ila michungu inayo nyingi zaidi. Wakulima wengi wanaipenda michungu kwa sababu panya, nguruwe na hata wezi huikwepa. Wakati wa ukame sumu huongezeka, hata katika mihogo uliyoizoea.

Wewe unayesoma Kemia na Baiolojia, sikiliza hapa. Ndani ya seli za muhogo, linamarini imekaa chumba chake na kimeng'enya chake kimekaa chumba kingine. Ukitwanga, ukikuna au ukiloweka muhogo mpaka ukalainika, kuta za vyumba hivyo huvunjika. Viwili hivyo vikikutana, hutoka sianidi, ambayo ni sumu kali. Habari njema ni kwamba inageuka gesi kwenye joto la nyuzi 26 tu, kwa hiyo inapaa hewani na kwenda zake. Ukikimbilia kuchemsha mapande ya muhogo mchungu, joto linaua kimeng'enya mapema na linamarini inabaki ndani. Utaila wewe.

Ndiyo maana bibi anakitwanga kisamvu kwanza, halafu ndiyo anakichemsha. Ndiyo maana muhogo mchungu unavundikwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa. Ile si mila tu, ni kemia.

Nini hutokea watu wakiruka hatua?

Mtu akila sumu nyingi kwa mara moja, hupata kizunguzungu, maumivu ya kichwa, kutapika na tumbo kuuma. Wengine hufa. Septemba 2017, wilayani Kasese, Uganda, watu 98 waliugua baada ya kula unga wa muhogo, na wawili kati yao walifariki. Ukiona dalili hizo baada ya mlo wa muhogo, kimbilieni hospitali. Msingoje kesho.

Ugonjwa wa pili ni konzo. Jina hilo limetoka Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Huwapata wanaokula muhogo wenye sumu kwa wiki nyingi bila protini ya kutosha, kwa sababu mwili unahitaji protini ili kuivunja sumu hiyo. Mtu anaamka, au yuko njiani, ghafla miguu yote miwili inakakamaa. Haiponi. Wanaopata zaidi ni watoto na akina mama vijana. Mwaka 1981 zaidi ya watu 1,000 waliugua Nampula, Msumbiji. Hapa Tanzania ulitokea Tarime mwaka 1985, na Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mara nyingi hadithi ni ileile: ukame, njaa, na watu kufupisha siku za kuvundika ili wale mapema.

Ufanye nini?

1. Menya maganda yote. Sumu nyingi imo humo.
2. Muhogo mbichi ukiwa mchungu ulimini, uteme. Usiukaange wala kuuchemsha ukale. Huo ni wa kuvundika.
3. Uvundike majini siku 3 au zaidi mpaka ulainike, ndipo uanike.
4. Unga una mashaka? Utie kwenye beseni, weka alama pale ulipofika. Ongeza maji ukikoroga. Mwanzo unga utashuka. Endelea mpaka urudi kwenye alama. Utandaze juu ya mkeka safi, unene usizidi sentimita 1. Uache juani masaa 2, au kivulini masaa 5. Halafu songa ugali siku hiyohiyo.
5. Kisamvu kitwange kwanza, kisha kichemshe vizuri bila mfuniko.

Likizo ikifika, wafundishe na wadogo zako nyumbani, hasa mwaka wa njaa, maana hapo ndipo kila mtu anataka chakula kiive leo. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kwa muhogo, haraka inaweza kumnyima mtu miguu yake. Kazi kwako!